Ilizarov: Daktari wa kijijini aliyeufundisha mfupa kurefuka

JINA la Gavriil Abramovich Ilizarov halisikiki sana nje ya wodi za mifupa. Hata hivyo, ni nadra kumpata mpasuaji wa mifupa popote duniani asiyelifahamu. Ni yeye aliyebuni kifaa cha pete za chuma na nyaya nyembamba ambacho kwacho mguu mfupi hurefushwa, uliopinda hunyoshwa, na uliovunjika ukakataa kuunga huungwa.

Daktari huyo wa uliokuwa Muungano wa Kisovieti aliaga dunia Julai 24, 1992, akiwa na umri wa miaka 71. Zaidi ya miongo mitatu baadaye, mbinu yake imevuka mipaka ya hospitali alikoianzishia. Aidha, sasa inatafutwa hata na watu wasio na ulemavu wowote, ambao haja yao ni kuongeza kimo tu.

Hiyo ndiyo sababu maisha yake yanafaa kusimuliwa upya. Ilizarov alitumia takriban miaka 40 kuthibitisha kwamba mfupa hukua ukivutwa, ila kwa kasi yake wenyewe. Wengi wanaoitamani tiba hii wamesikia nusu ya kwanza ya ugunduzi huo. Nusu ya pili ndiyo inayoamua iwapo mgonjwa atatembea vyema au la.

Malezi na masomo

Ilizarov alizaliwa Juni 15, 1921 katika mji mdogo wa Białowieża, nchini Poland, akiwa kifungua mimba katika familia maskini ya Kiyahudi iliyojaliwa watoto sita. Babake, Abram, alikuwa mwenyeji wa Qusar, mji ulio chini ya milima ya Caucasus nchini Azerbaijan. Mamake, Golda, alitoka katika jamii ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki.

Gavriil alipokuwa angali mtoto, familia ilihamia Qusar, na huko ndiko alikokulia. Kutokana na umaskini, alichelewa kuanza shule, lakini alipoanza aliwafikia upesi wenzake wa rika.

Husimuliwa kwamba katika utoto wake alikula mapeasi ambayo hayakuoshwa, akaugua vibaya hata jamaa zake wakakata tamaa. Tabibu wa kijiji aliitwa, akamtibu na kumwokoa. Inaaminika kuwa tangu siku hiyo kijana huyo hakutamani kazi nyingine ila utabibu.

Baada ya masomo ya maandalizi mjini Buynaksk, katika eneo la Dagestan, alijiunga na Chuo cha Utabibu cha Crimea mjini Simferopol mnamo mwaka wa 1939. Miaka miwili baadaye majeshi ya Ujerumani yaliuvamia Muungano wa Kisovieti, na chuo hicho kikahamishwa hadi Kyzylorda, nchini Kazakhstan. Ilizarov alihitimu huko mwaka wa 1944.

Serikali ilimtuma katika mkoa wa Kurgan, magharibi mwa Siberia, takriban kilomita 2,000 mashariki mwa Moscow. Kituo chake kilikuwa hospitali ndogo katika kijiji cha Dolgovka, mahali penye baridi kali, barabara mbovu na uhaba wa kila kitu.

Majeruhi wa vita

Vita vya Pili vya Dunia vilipomalizika mwaka wa 1945, wanaume walirejea vijijini wakiwa na majeraha ya risasi na mabomu. Wengi wao walikuwa na mifupa iliyovunjika vipande, ikaingia usaha na kukataa kuunga.

Tiba ya kawaida wakati huo ilikuwa kumfunga mgonjwa plasta na kumlaza kitandani kwa miezi mingi. Mara kwa mara plasta ilipoondolewa, mfupa ulikuwa haujaunga, misuli imenyauka, na goti na kifundo cha mguu vimekakamaa. Baadhi ya wagonjwa waliishia kukatwa mguu.

Daktari huyo kijana aliona kasoro mbili katika tiba hiyo. Kwanza, plasta hushika ngozi na nyama, lakini ncha za mfupa ndani huendelea kuchezacheza. Pili, inapozuia mfupa kusogea, huzuia pia viungo vilivyo karibu na kupunguza mzunguko wa damu, ilhali damu ndiyo inayouponya mfupa.

Alichotafuta basi ni njia ya kuushika mfupa wenyewe kwa uthabiti kutoka nje, huku mgonjwa akiweza kusimama na kuukanyagia mguu wake.

Husimuliwa kuwa wazo lilimjia akiwa safarini kwa mkokoteni wa farasi, alipotazama jinsi upinde wa mbao unavyoishikanisha miti miwili ya mkokoteni isiyumbe. Wengine husema aliliokota kwenye gurudumu la baiskeli, ambalo spoki zake ni nyembamba lakini hubeba uzito mkubwa kwa kuwa zimekazwa.

Vyovyote iwavyo, kufikia mwaka wa 1951 kifaa kilikuwa tayari. Pete za chuma huuzunguka mguu. Nyaya nyembamba, zenye unene wa milimita 1.5 hadi 1.8, hupitishwa kwenye ngozi na mfupa, zikapishana, kisha zikakazwa kwenye pete kama spoki. Pete hizo nazo huunganishwa kwa vyuma virefu vyenye nati, ambazo zikizungushwa huzisogeza pete pamoja au kuzitenganisha.

Wakati huo Ilizarov alikuwa amehamia mjini Kurgan, katika hospitali ya mkoa. Aliomba hati ya ubunifu mwaka wa 1952, akaipata mwaka wa 1954.

Mgonjwa aliyekosea nati

Mwanzoni kifaa hicho kilikusudiwa kubana. Ncha mbili za mfupa uliovunjika zilisukumwa pamoja na kushikwa hadi ziunge. Urefushaji ulikuja baadaye, na kisa chake kimekuwa mashuhuri miongoni mwa madaktari.

Inasemekana kwamba mgonjwa mmoja aliagizwa kuzungusha nati kidogo kidogo ili kuzibana ncha za mfupa wake. Kwa bahati mbaya alizizungusha kinyume. Daktari alipompiga picha ya eksirei, alitarajia kuona pengo tupu. Badala yake, aliona pengo hilo limeanza kujaa mfupa mpya.

Majaribio ya kurefusha miguu yalikuwapo tangu zamani. Mwitaliano Alessandro Codivilla, wa mji wa Bologna, alichapisha matokeo ya kazi yake mwaka wa 1905. Hata hivyo, yeye na waliomfuata waliuvuta mguu kwa nguvu kubwa na kwa ghafla, na madhara yakawa makubwa vilevile. Baadaye, Heinz Wagner wa Ujerumani aliuvuta polepole zaidi, lakini kwa kawaida pengo lililobaki lilijazwa kwa mfupa uliotolewa kwingine mwilini, kisha likafungwa kwa bamba la chuma.

Tofauti ya Ilizarov ni kwamba hakujaza chochote. Alitambua kuwa mfupa ukikatwa kwa uangalifu, bila kuharibu uboho na utando unaoufunika, kisha ncha zake zikatenganishwa taratibu, mwili wenyewe huunda mfupa mpya. Nyama, ngozi, mishipa ya damu na neva nazo hukua kwa kuvutwa huko.

Hakutosheka na bahati. Yeye na wenzake walifanya utafiti wa miaka mingi, ukiwemo ule waliofanyia mbwa, ili kubaini kasi ifaayo. Matokeo yake yangali yanafundishwa hadi leo.

Mfupa ulipovutwa kwa nusu milimita kwa siku, mara nyingi uliunga mapema mno na kukatiza urefushaji. Ulipovutwa kwa milimita 2 kwa siku, mfupa mpya ulikuwa dhaifu na tishu zikaumia. Kasi iliyofaa ilikuwa milimita 1 kwa siku, tena si kwa mkupuo mmoja, bali kwa awamu 4 za robo milimita kila moja. Kadiri mvuto ulivyogawanywa katika hatua ndogo zaidi, ndivyo matokeo yalivyokuwa bora.

Hesabu ya kupona

Kutokana na kanuni hiyo, hesabu ya muda ni rahisi kufanya, japo si rahisi kuivumilia. Baada ya mfupa kukatwa, mgonjwa husubiri takriban siku 5 hadi 7 kabla ya kuanza kuvuta. Anayehitaji sentimita 5 huzungusha nati mara 4 kila siku kwa takriban siku 50.

Hapo kazi huwa haijafika hata nusu. Mfupa uliomea kwenye pengo huwa bado laini, na sharti ukomae kabla ya kubeba uzito wa mwili peke yake. Muda wa kukomaa kwa kawaida hushinda ule wa kuvuta, mara nyingi kwa maradufu. Kwa jumla, madaktari hukadiria mwezi 1 au zaidi wa kuvaa chuma kwa kila sentimita 1. Watoto hupona haraka kuliko watu wazima.

Katika muda huo wote mgonjwa hatakiwi kulala tu. Ilizarov alisisitiza kwamba wagonjwa wake watembee mapema, kwa magongo ikibidi, kwa kuwa kuukanyagia mguu huuchochea mfupa kukomaa. Wageni waliozuru Kurgan walishangaa kuwakuta wagonjwa wenye pete miguuni wakizunguka kwenye korido na kufanya mazoezi.

Kudharauliwa na kutambuliwa

Kwa miaka mingi wakuu wa tiba ya mifupa jijini Moscow hawakumtilia maanani. Walimwona daktari wa mashambani asiye na shahada za juu, na baadhi walimfananisha na fundi wa makufuli aliyepotelea hospitalini.

Aliyebadilisha mkondo wa mambo alikuwa mwanariadha. Valery Brumel alishinda nishani ya dhahabu ya kuruka juu katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 1964, na alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 2.28 mwaka uliotangulia. Mnamo Oktoba 1965 alipata ajali akiwa amebebwa kwenye pikipiki, mkasa wa aina ambayo wasafiri wa bodaboda humu nchini wanaifahamu vyema. Mguu wake wa kulia ulivunjika vibaya.

Brumel alifanyiwa operesheni nyingi kwa takriban miaka mitatu bila mafanikio. Mfupa ulikuwa na usaha, haukuunga, na mguu ulikuwa umefupika. Mwaka wa 1968 alisafiri hadi Kurgan. Ilizarov aliuunga mfupa huo na kuurefusha mguu. Ingawa Brumel hakurejea katika kilele chake, aliweza kuruka tena kimo cha zaidi ya mita 2.

Habari hizo zilienea kote nchini. Mwaka huohuo Ilizarov aliwasilisha tasnifu yake mjini Perm kwa ajili ya shahada ya chini ya utafiti. Watahini waliridhika kiasi cha kupendekeza apewe moja kwa moja shahada ya juu kabisa ya udaktari wa sayansi.

Mwaka wa 1971 serikali iliifanya maabara yake ya Kurgan kuwa taasisi kamili ya utafiti. Taasisi hiyo ilikua hadi kuwa miongoni mwa hospitali kubwa zaidi za mifupa duniani, ikiwa na vitanda takriban 1,000. Alitunukiwa Tuzo ya Lenin, na mnamo mwaka wa 1981 akapewa hadhi ya Shujaa wa Kazi ya Kijamaa.

Si kila aliyemwendea alipona. Mtunzi mashuhuri wa muziki, Dmitri Shostakovich, alifika Kurgan mwaka wa 1970 akiwa na udhaifu wa mikono na miguu. Alipata nafuu, akaweza hata kupiga piano tena, lakini nafuu hiyo haikudumu. Udhaifu wake haukutokana na mfupa, na chuma hakingeweza kuumaliza.

Italia na kwingineko

Nchi za Magharibi zilimjua Ilizarov kupitia kwa Carlo Mauri, mpanda milima na msafiri wa Italia. Mauri alikuwa amevunjika mguu miaka mingi nyuma, na tangu hapo akawa anachechemea kwa kuwa mguu huo ulikuwa mfupi na haukuunga vyema. Aliposafiri baharini katika misafara ya Mnorway Thor Heyerdahl, alikutana na daktari wa Urusi, Yuri Senkevich, na ndiye aliyemshauri amwendee Ilizarov.

Mauri alitibiwa Kurgan mwaka wa 1980. Aliporudi kwao Lecco, madaktari waliokuwa wakimjua walistaajabu. Mwaka wa 1981 wapasuaji wa Italia walimwalika Ilizarov ahutubie kongamano lao mjini Bellagio. Alikuwa na umri wa miaka 60, na ndiyo mara ya kwanza kuwaeleza wataalamu wa nchi za Magharibi kazi yake ana kwa ana.

Kutoka Italia mbinu hiyo ilienea kote Ulaya, na kufikia katikati ya miaka ya themanini ilikuwa imefika Marekani na Kanada. Ndipo wapasuaji wengi walipojionea yale ambayo Kurgan ilikuwa imeyajua kwa muda mrefu, kwamba kukifunga kifaa ni kazi ya saa chache, bali kumtunza mgonjwa hadi apone ni kazi ya miezi.

Hatari zenyewe

Mwaka wa 1990 mpasuaji Dror Paley, mmoja wa waliojifunza mbinu hiyo, alichapisha uchambuzi ambao ungali unatumika. Aliyagawa matatizo katika mafungu matatu: yale yanayotatuliwa bila upasuaji, yale yanayohitaji upasuaji mwingine lakini huisha, na yale yanayobaki na mgonjwa baada ya tiba kukamilika.

Tatizo la kawaida zaidi ni vidonda kuingia usaha pale waya unapopenya ngozi. Wengi wanaovaa kifaa hicho hulipata angalau mara moja. Likitambuliwa mapema, hutibiwa kwa usafi na antibayotiki. Likipuuzwa, usaha unaweza kufika kwenye mfupa.

La pili ni kukakamaa kwa viungo. Mfupa unaporefuka, misuli na kano hubaki nyuma na kukaza kama kamba. Anayerefushwa mfupa wa muundi huweza kuvutwa na kano ya kisigino hadi mguu uelekee chini na ashindwe kukanyaga kwa unyayo wote. Anayerefushwa paja huweza kushindwa kulikunja au kulinyosha goti, na nyonga au goti lenyewe huweza kuteguka. Dawa ya hayo ni tiba ya viungo ya kila siku, yenye maumivu, kwa miezi kadhaa.

Neva nazo haziko salama. Ganzi, mchomo au udhaifu wa kuinua unyayo ni dalili kwamba neva inavutwa kupita kiasi. Sharti kasi ipunguzwe au kazi isimamishwe mara moja, la sivyo madhara yanaweza kuwa ya kudumu.

Mfupa wenyewe huweza kumtia mgonjwa katika mtihani kwa njia mbili zinazopingana. Unaweza kuunga mapema kabla ya urefu uliotakiwa kufikiwa, ikabidi ukatwe tena. Au unaweza kukataa kukomaa, pengo likabaki laini, ikabidi mgonjwa apandikizwe mfupa kutoka kwingine. Vilevile, mguu unaweza kupinda wakati wa kuvutwa, au kuvunjika upya baada ya kifaa kuondolewa mapema.

Kuna pia hatari za upasuaji mkubwa wowote wa mguu, zikiwemo damu kuganda kwenye mishipa na mafuta ya uboho kuingia kwenye damu na kufika mapafuni. Haya hutokea kwa nadra, lakini huweza kuua.

Uvutaji wa sigara huchelewesha mfupa kukomaa, na wapasuaji wengi hukataa kumfanyia operesheni hii mgonjwa asiyeacha. Lishe yenye protini, kalsiamu na vitamini D ya kutosha ni sehemu ya tiba. Zaidi ya hayo, mgonjwa huhitaji mtu wa kumsaidia nyumbani, mpangilio wa kazi au masomo, na moyo wa kustahimili miezi ya usingizi wa mang'amung'amu.

Teknolojia imepunguza baadhi ya adha hizo. Siku hizi kuna vyuma vinavyowekwa ndani ya mfupa na kurefushwa kwa sumaku iliyo nje ya mwili, hivyo ngozi haitobolewi kwa miezi. Hata hivyo, misuli, neva na mfupa ni vilevile, na kasi ya takriban milimita 1 kwa siku haijabadilika.

Kutafuta kimo

Ilizarov aliwaweka mezani watu ambao kwao hatari hizo zilikuwa na maana: askari aliyekabiliwa na kukatwa mguu, mtoto aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi, aliyepooza kwa polio, aliyevunjika na kukaa miaka bila kuunga. Kwa mtu wa namna hiyo, mwaka mmoja wa mateso si bei kubwa ya kutembea.

Mizani ni tofauti kwa kijana mwenye miguu mizima anayetaka sentimita chache ili alingane na wenzake. Yeye huanza akiwa na miguu inayotembea, inayokimbia na isiyouma. Kinachowekwa rehani ni afya aliyo nayo tayari, tena katika miguu yote miwili.

Upasuaji wa kuongeza kimo umekuwa biashara katika nchi kadhaa, ikiwemo Uturuki, na bei yake ni makumi ya maelfu ya dola. Wagonjwa wengi husafiri kutoka mbali, kisha hurudi makwao kabla mfupa haujakomaa, ambako huenda wasimpate daktari anayeijua kazi hiyo. Huko Uchina, wizara ya afya iliupiga marufuku upasuaji huo kwa sababu za urembo pekee mwaka wa 2006, baada ya visa vya watu waliobaki na ulemavu.

Wapasuaji waangalifu humpima mtu kama huyo mwili na akili pia kabla ya kukubali. Humuuliza ni nani atakayemhudumia, ataishi wapi kwa mwaka mzima, na atafanya nini iwapo mguu mmoja hautapona. Anayeahidiwa kurefuka haraka, bila maumivu na bila miezi ya mazoezi, ameahidiwa jambo ambalo mwili wa binadamu hauwezi kulitimiza.

Mwisho wa safari

Katika miaka yake ya mwisho Ilizarov alitambuliwa na waliokuwa wakimdharau. Mwaka wa 1987 aliingia katika Akademia ya Sayansi ya Muungano wa Kisovieti. Alizunguka mataifa mengi akifundisha, lakini hakuhamia Moscow wala ng'ambo. Makao yake yalibaki Kurgan.

Alifariki kutokana na maradhi ya moyo, miezi michache baada ya nchi aliyoitumikia kuvunjika, akazikwa mjini humohumo. Kituo alichokianzisha sasa ni kituo cha kitaifa cha utafiti wa tiba ya mifupa nchini Urusi na kina jina lake. Sayari ndogo nambari 3750 nayo inaitwa Ilizarov.

Kifaa chake kimeigwa na kurekebishwa na makampuni mengi, lakini umbo lake la pete na nyaya lingali lilelile. Katika wodi nyingi za mifupa duniani, mgonjwa aliyevishwa kifaa hicho bado hupewa spana ndogo na maagizo yale ambayo Ilizarov aliyatoa Kurgan: azungushe robo milimita, asubiri, azungushe tena, na asizidishe.